Je, Motokari Yaweza Kushika Amri ya Tano?

Mwezi uliopita kijana mmoja alinijia nyumbani wakati wa jioni, amechukua kuku kwapani. Alimweka chini karibu na mlango, miguu imefungwa kwa ukamba wa mgomba, akakaa, akanyamaza kitambo. Namjua tangu alipokuwa mtoto wa katekisimu. Leo ni shofere. Huendesha motokari ndogo ya mfanyabiashara mmoja kati ya Goma na Rutshuru. Nikamwuliza, "Kuku huyu ni wa nani?" Akajibu, "Ndiyo neno lililonileta, Mwalimu. Sijui kama ni wangu."

Hakunieleza mambo yake katika kitubio, maana mimi si padri, ni mwalimu tu. Tena ameniruhusu kuyaandika, mradi nisitaje jina lake. Basi, wasomaji wapenzi, yasikieni.

Siku ile alikuwa akitoka Goma, yapata saa kumi za mchana. Alikuwa amekwisha kupita Kibumba na Rugari, akikaribia Rumangabo, pale nyumba zinapoanza kusogelea njia na watu wanatembea pande zote mbili. Simu yake ikalia. Akainamisha kichwa ajue ni nani anayemwita. "Kabla sijainua macho," aliniambia, "motokari ilipiga kelele, kisha ikapiga freni yenyewe. Nilitupwa mbele, mkanda ukanikamata kifuani. Nilipotazama, palikuwa na mtoto wa kike, umri wake miaka saba hivi, amesimama mbele yangu na kibidoni cha maji kichwani. Kati yake na motokari angeweza kupita mbuzi mmoja, si wawili."

Watu wakakimbilia hapo. Wakapaza sauti: shofere huyu ana macho, Mungu ambariki! Mama wa mtoto akaja akilia, akarudi kwake, akaleta kuku. Kijana akampokea, akasema asante, akaenda zake. Usiku ule hakulala, na wa pili hakulala.

"Nilipewa kuku kwa ajili ya macho yangu," akasema, "na macho yangu yalikuwa kwenye simu. Sasa unifundishe, Mwalimu. Mtoto ni mzima. Sikumgusa hata ukucha. Je, nina dhambi, ama sina?"

Sikumjibu upesi. Nilimwomba arudi Jumapili baada ya Misa, kwa maana swali lake lilikuwa kubwa kuliko lilivyoonekana.

Kwanza tuielewe motokari yenyewe. Twajua wote zile zinazofika huku kwetu: zimetumika Japani miaka mingi, zimeshushwa melini Mombasa au Dar es Salaam, zimepita Uganda ama Rwanda, na usukani wake uko mkono wa kuume, ijapokuwa sheria ya Kongo ni kupita upande wa kuume wa njia. Kwa hiyo shofere akitaka kuipita kamio iliyo mbele yake, haoni kitu; hana budi kumwuliza yule aliyeketi kushoto, "Niende?" Ni jambo la ajabu kidogo, tumelizoea: uhai wa watu wote waliomo hutegemea neno la abiria ambaye pengine alikuwa akisinzia.

Baadhi ya motokari za miaka ya karibuni zina jicho lao wenyewe. Nyuma ya kioo cha mbele imefichwa kamera. Nyingine zina na rada, puani. Vyombo hivyo hupima bila kukoma umbali wa kitu kilicho mbele na jinsi motokari inavyokikaribia. Vikiona kwamba kugongana ni karibu na shofere hajafanya neno, hupiga kengele. Asipoitika, hufunga freni vyenyewe. Volvo ya Uswidi na Subaru ya Japani walianza kuuza motokari za namna hiyo mwaka 2008. Tangu mwezi wa Julai 2024 sheria ya Umoja wa Ulaya inadai kila motokari mpya inayouzwa huko iwe na chombo hiki.

Faida yake si hadithi. Shirika la Afya la Dunia lilihesabu kwamba watu karibu milioni 1.19 walikufa katika ajali za barabarani mwaka 2021. Huko Marekani, taasisi ya makampuni ya bima inayochunguza ajali iliona kwamba motokari zenye chombo hiki huzigonga nyingine kwa nyuma mara chache kwa nusu kuliko zile zisizo nacho. Na ajali za kuwagonga watu waendao kwa miguu hupungua kwa asilimia 27. Lakini taasisi hiyohiyo ilisema mwaka 2022 kwamba usiku, katika njia zisizo na taa, haikuona tofauti yo yote. Kumbe jicho lile nalo huhitaji mwanga! Na matope yakilifunika, au ukungu wa Kibumba ukishuka, huwa kama la kipofu.

Tena huko Ulaya hulijaribu kwa sanamu: sanamu ya mtu mzima, ya mtoto, ya mwendesha baisikeli, ya mwendesha pikipiki. Chukudu haimo. Watu wa Goma waliisimamishia chukudu sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mji mwaka 2009, lakini wahandisi wa mbali hawakuletewa habari. Nasema hivi si kwa kucheka. Yule anayeshuka kutoka Kibumba na magunia ya makala au kabichi juu ya magurudumu mawili ya mti, freni yake ni kipande cha mpira wa gurudumu anachokikanyaga kwa mguu wake mwenyewe. Anaijua freni yake kama anavyojua kisigino chake. Akilala, hakuna cho chote kitakachoamka badala yake.

Sasa turudi kwa yule mtoto wa kibidoni. Ni nani aliyemwokoa? Kijana asema, motokari. Majirani wasema, shofere. Bibi yake bila shaka asema, malaika mlinzi. Wala mimi sitabishana naye. Lakini naomba tusiwasahau watu fulani. Katika nchi ya mbali, wahandisi wamekaa miaka na miaka wakifikiri juu ya mtoto wasiyemjua, atakayevuka njia wasiyoijua, mbele ya shofere asiyetazama. Mwaka 1959 mhandisi wa Volvo, Nils Bohlin, alibuni ule mkanda unaopita begani na kiunoni, na kampuni yake ikawaachia watengenezaji wengine wote wautumie. Mkanda wa namna hiyohiyo ndio uliomkamata kijana wetu kifuani. Mungu hufanya kazi kwa mikono ya watu, na si aibu kumshukuru Mungu na kumshukuru fundi pamoja.

Ila motokari yenyewe tusiishukuru. Haikumpenda mtoto yule. Ingesimama vivyo hivyo mbele ya ng'ombe, au mbele ya sanamu ya majaribio. Mwezi wa Januari 2025 Roma ilitoa maandiko marefu juu ya akili ya mashine, na humo imeelezwa wazi kwamba kati ya mashine na mtu, ni mtu peke yake awezaye kutenda mema au mabaya na kuulizwa juu yake. Motokari ilisimama, haikuhurumia. Basi kama wema wa siku ile haumo ndani ya chuma, na ndani ya shofere haumo pia, shofere alikuwa na nini?

Hapa yanifaa kuleta habari ya mtu wa pili. Ni mzee, ameshika usukani miaka zaidi ya thelathini, huendesha kamio ya kabichi na maharagwe kushuka Goma. Kamio yake haina kamera wala rada. Hata taa zake mbili haziwaki vizuri. Mwaka jana, katika mteremko, freni zilimwishia. Hakuwa amekunywa. Simu yake ilikuwa mfukoni. Alirudisha gia, akapiga honi, akaipeleka kamio kwenye ukingo wa mawe ya volkano apate kuisimamisha. Na hapo kwenye ukingo palikuwa na mtu wa chukudu, amepumzika. Akafa palepale.

Haya: kati ya hawa wawili, ni nani watu wamwitaye mwuaji? Yule mzee. Na ni nani aliyepewa kuku? Kijana wa simu. Tukihukumu kwa damu iliyomwagika njiani, watu wamesema kweli. Lakini Bwana wetu Yesu Kristu, katika Injili ya Mateo, alipoieleza amri ile ya kutoua, hakuanza na damu. Alianza na hasira iliyo moyoni mwa mtu juu ya ndugu yake, kabla mkono haujainuliwa. Alitufundisha kutafuta kosa mahali linapozaliwa.

Nalo Agano la Kale halikuwa gizani katika neno hili. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati chamtaja mtu aliyekwenda mwituni pamoja na mwenzake kukata kuni. Shoka likachomoka katika mpini, likampiga mwenzake, akafa. Mtu huyo hakuwekwa pamoja na wauaji. Alitengewa mji wa kukimbilia. Na Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alijiuliza swali hili hasa: aliyeua bila kukusudia, ana hatia ya kuua? Alijibu kwamba hana, ikiwa kazi aliyokuwa akiifanya ilikuwa halali na aliifanya kwa uangalifu uliompasa. Bali akiacha uangalifu ule, hatia yamfuata hata kama hakutaka mtu afe.

Uangalifu uliompasa. Maneno haya niliyarudiarudia Jumapili, tulipokaa chini ya mti nyuma ya kanisa. Nilimwuliza kijana, "Ulikuwa ukienda mwendo gani?" Akasema kilomita 60 kwa saa. Tukafanya hesabu kwa kijiti mchangani. Kwa mwendo huo motokari hupita karibu mita 17 kila sekunde. Aliinama kwa sekunde mbili, pengine zaidi; basi mita 33, kati ya watu, shofere alikuwa kipofu kwa hiari yake. Nikamwambia, "Tendo lako lilikuwa limekwisha timia kabla mtoto hajaweka mguu barabarani. Kama asingetokea, ungekuwa umetenda lilelile. Kama motokari isingesimama, ungekuwa umetenda lilelile pia, ila matokeo yangekuwa mengine. Kwamba mtoto ni mzima, hiyo ni neema uliyopewa. Si ushahidi wa kukuachilia."

Uzito wa kosa lake sikumpimia. Katekisimu ya Kanisa Katoliki yasema kwamba wale wanaohatarisha maisha yao na ya wengine barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo wa kasi wana hatia kubwa. Simu haikutajwa pale, walakini sioni kama ni ndugu wa mbali. Mwaka 2007 Roma ilitoa mwongozo juu ya uchungaji wa barabarani, na ndani yake amri kumi kwa madereva. Ya kwanza ni ileile Amri ya Tano. Mengine nilimwachia padri wake.

Juu ya yule mzee, ningependa kuandika kwamba ni mtu wa shoka lililochomoka, basi, tumfariji tu. Lakini si kweli yote. Fundi alipoitazama kamio baada ya ajali, aliona freni zimekwisha kulika muda mrefu. Mzee alijua. Mara tatu alimwambia mwenye kamio, na mara tatu akajibiwa, "Fanya kwanza safari hii moja." Wasomaji wangu wajua safari hiyo moja, haiishi kamwe. Katika Kitabu cha Kutoka, ng'ombe akimpiga mtu kwa pembe akafa, mwenye ng'ombe hana hatia. Lakini ikiwa ng'ombe ni mkali tangu zamani, na mwenyewe ameonywa, naye hakumzuia, hatia ni yake. Freni zilizokwisha ni ng'ombe mkali. Mwenyewe alionywa.

Na shofere je? Nilipomgusia mzee neno hilo, alinijibu bila hasira: "Ningekataa, angepata shofere mwingine kesho asubuhi. Na wajukuu wangu wangekula nini?" Sikuwa na jibu. Mimi nalipwa, ijapo kwa kuchelewa, kwa kazi isiyoua mtu nikikosea. Nadhani alipaswa kukataa. Nadhani pia kwamba asiyewahi kulala na watoto wenye njaa aseme neno hilo polepole. Ameungama, amekwenda mara nyingi kuisaidia familia ya marehemu kulima. Kijana wetu, mpaka siku ile aliponijia, hakuwa amefanya lo lote, kwa sababu hakuna aliyemdai.

Torati ina amri moja ndogo ambayo naipenda sana, na sijasikia ikihubiriwa mara nyingi. Mtu akijenga nyumba mpya, afanye ukuta mdogo kuzunguka dari, mtu asije akaanguka kutoka juu na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Basi usalama si jambo la Wazungu wala la wahandisi; ni amri ya Mungu tangu zamani za Musa. Mkanda ni ukuta wa dari. Freni nzima ni ukuta wa dari. Chombo kinachosimamisha motokari ni ukuta wa dari. Mwenye mali anayeona bei ya freni ni kubwa, na apige hesabu ya kitu kinachoweza kuanguka kutoka dari yake.

Lakini ukuta huo una jaribu lake, na kijana ndiye aliyelifunua mwenyewe bila kuulizwa. Alisema: "Mwalimu, kuna neno jingine. Nilipokuwa na motokari ya zamani, sikuthubutu kutazama simu njiani. Tangu nilipopewa hii, natazama. Najua itasimama."

Nilifurahi kwamba alisema, kwa maana hapa ndipo penye shida yote. Miaka ya 1980, katika mji wa Munich, Ujerumani, takisi za kampuni moja ziligawanywa: nyingine zilitiwa zile freni zinazozuia magurudumu yasikwame, ambazo zilikuwa mpya wakati huo, nyingine zikaachwa na freni za kawaida. Zikaangaliwa miaka mitatu. Kila mtu alitazamia ajali zipungue kwa wale wenye freni nzuri. Hazikupungua. Watazamaji waliopanda takisi hizo kama abiria, bila kujulikana, waliona sababu: mashofere waliopewa freni nzuri walikata kona kwa ukali zaidi na kuwakaribia wenzao zaidi. Walikuwa wamepewa akiba ya usalama, wakaitumia kununua mwendo.

Shetani alimpandisha Bwana wetu juu ya mnara wa hekalu, akamwambia ajitupe chini, kwa kuwa malaika wangemchukua mikononi mwao. Angalieni: Shetani hakusema uongo juu ya malaika. Malaika wapo, na ulinzi wao ni wa kweli. Na hata hivyo Yesu alikataa, akajibu kwamba haifai kumjaribu Mungu. Anayeinama kusoma simu kwa sababu motokari itasimama, anajitupa kutoka mnarani akitegemea malaika wa kutengenezwa Japani. Tena yule hajitupi peke yake, anamtupa na mtoto wa jirani.

Wako wengine wenye kosa la upande mwingine: hawakitegemei chombo, wanakinyamazisha. Mmewaona. Taa nyekundu ikiwaka mbele ya shofere, haulizwi fundi. Hubandikwa kipande cha utepe mweusi juu yake, na safari yaendelea. Motokari nyingi zikiwashwa huzungumza kwa sauti ya mwanamke wa Kijapani. Nimeambiwa kwamba yule mama hutangaza tu kuwa kadi ya kulipia barabara za huko Japani haijatiwa mahali pake. Mashofere wetu husema, "Anatusalimu." Wacha wacheke. Lakini siku atakapotangaza neno la hatari, naye atakuwa anatusalimu. Dhamiri ya mtu hufika hapo vilevile: haikunyamaza, bado yasema kila asubuhi, ila mwenyewe amezoea kuisikia kama lugha ya wageni.

Sasa kijana aliniuliza kama afadhali akakate waya wa chombo kile, apate kuwa macho kama zamani. Mwenzake mmoja huko Goma amekwisha kukata, kwa sababu pikipiki zinazojipenyeza kila upande zilikifanya kilie siku nzima. Nalo si neno la kudharau. Mwaka 2022 serikali ya Marekani ilianza kuchunguza motokari za Tesla zipatazo 416,000, baada ya wenyewe 354 kulalamika kwamba zilipiga freni ghafula hali njia ilikuwa nyeupe. Chombo kibovu chaweza kuua kama vile ukosefu wake. Mwenye chombo cha hivyo na akitengeneze, au akizime mpaka kitengenezwe. Hana kosa.

Kisha kijana akataja jambo ambalo watu wa mbali hawalifikiri. "Mwalimu, njia yetu waijua. Si kila anayesimama mbele yangu yafaa nisimame." Tukanyamaza wote wawili. Tarehe 22 Februari 2021, kwenye njia hii hii, karibu na Kibumba, watu wenye bunduki waliyasimamisha magari mawili yaliyokuwa yakienda Rutshuru kutazama shule ambako watoto hupewa chakula. Waliuawa siku ile balozi wa Italia Luca Attanasio, mlinzi wake Vittorio Iacovacci, na dereva wao, Mustapha Milambo. Mwaka uliotangulia, tarehe 24 Aprili 2020, walinzi 12 wa Hifadhi ya Virunga, dereva wao na raia wanne waliuawa karibu na Rumangabo. Kwa jicho la kamera, mtu aliyesimama barabarani ni umbo lenye kichwa na miguu. Kwamba ni mwizi, au askari, au mtu anayevuja damu na kuomba msaada, kamera haijui wala haiulizi. Shofere ndiye aulizaye, katika nusu ya dakika, na moyo unampiga.

Ndiyo maana sikumshauri akate waya. Akikata ili awe macho, ni kama aliyebomoa ukuta wa dari ili asisinzie juu yake. Siku moja atasinzia. Nilimshauri awe macho na waya ubaki. Chombo kile kimewekwa kwa ajili ya saa tunayoshindwa kutazama. Saa ya kuamua ni nani aliye mbele yetu, hiyo haikuwekewa chombo.

Njia ya kushuka kutoka Yerusalemu hata Yeriko ilikuwa kama yetu, yenye mawe na wanyang'anyi. Kuhani alipita, Mlawi akapita; wote wawili walimwona yule mtu, Luka aliandika hivyo. Macho yao yalikuwa mazima. Naona pengine waliogopa kwamba ni mtego, na hofu hiyo sisi wa Rutshuru hatuwezi kuicheka. Lakini nafikiri hivi: motokari ya kijana wetu ingesimama mbele ya yule majeruhi. Ingekuwa imewashinda kuhani na Mlawi. Isipokuwa isingeshuka.

Kijana alielewa kabla sijamaliza. Alishika kuku, tukaondoka pamoja. Niliona heri nimsindikize, maana watu waliomsifu kwa sauti kubwa wangeweza kumpiga kwa nguvu ileile. Tulimkuta mama yule akichambua maharagwe. Kijana alisema yote akiwa amesimama, pamoja na simu, pamoja na kelele ya motokari. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Akauliza neno moja tu: "Kama ungekuwa na motokari ya zamani?"

"Ningemwua, Mama."

Alikaa kimya hata nikafikiri angetufukuza. Kisha alimwita mtoto, akamwambia aje awasalimu wageni, akatuletea viti. Kuku alimfungua miguu yeye mwenyewe, akamwachilia aende na wenzake.

Kuhusu mwenye ile kamio, sijapata bado nafasi ya kuongea naye. Nimeiona kamio Jumanne iliyopita, imepakiwa kabichi hadi juu, ikishuka na shofere mwingine. Mwenyewe ni Mkristu wa parokia ya jirani, na nimesikia kwamba husoma gazeti hili.